Pea moja, wateja wawili waliolipa: hesabu ya stoo ikae wapi?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nauza viatu vya kike na mikoba kwa njia ya mtandao. Nilianza na Instagram na WhatsApp, biashara ilipokua nikafungua tovuti yangu, kisha nikajiunga na masoko mawili ya mtandaoni. Stoo ni moja, chumba kimoja tu, na kazi tunafanya wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye anajibu wateja kwenye simu, mimi nafunga mizigo na kushughulikia tovuti na masoko.

Kinachonitesa ni idadi. Kila sehemu inasema lake. Viatu vyeusi saizi 38, tovuti inasema zipo pea tatu, soko moja linasema tano, nikiingia stoo naziona mbili. Nilikuwa narekebisha kila usiku kabla ya kulala, lakini kufika asubuhi oda zimeshaingia na hesabu imevurugika upya. Juzi pea ya mwisho imenunuliwa sokoni wakati mdogo wangu ameshamwahidi mteja wa WhatsApp aliyemwambia "niwekee, nalipa jioni". Jioni akalipa kweli, na wa sokoni naye ameshalipa. Ikabidi nighairi oda ya sokoni, na soko likanitumia onyo kwamba nikiendelea hivi akaunti itafungiwa. Mdogo wangu anasema siku nyingine tumwombe mteja aghairi mwenyewe ili isihesabike kwetu.

Nimenunua programu ya kuunganisha tovuti na masoko yale mawili, inayopitisha idadi kila baada ya dakika 15. Nilidhani nimepona, kumbe ndiyo yamezidi. Nikirekebisha idadi sokoni, baada ya muda ile ya zamani inajirudisha yenyewe. Kuna bidhaa zinauzwa sokoni na tovuti haipungui kabisa. Kuna kiatu kilirudishwa kisigino kimevunjika, nikamrejeshea mteja pesa zake, kumbe idadi imepanda na mtu mwingine amekinunua. Seti za kiatu na mkoba ndiyo usiseme. Na bidhaa ikiisha naogopa kuandika sifuri, maana tangazo likifutika maoni yote ya wateja yanaondoka nalo, kwa hiyo huwa naacha moja.

Mume wangu anataka nifunge masoko yote nibaki na WhatsApp. Mfanyabiashara mwenzangu anasema programu yangu ni ndogo, ninunue kubwa. Nishike lipi?

Muuza viatu


Marahaba, mdogo wangu.

Kabla hujafunga duka lolote au kulipia programu nyingine, isome tena barua yako. Stoo ni moja, lakini hesabu ni tano: ya tovuti, ya soko la kwanza, ya soko la pili, ya programu, na ya tano iko kichwani kwa mdogo wako na kwenye meseji zake. Zote tano zina ruhusa ya kuuza pea ileile. Hapo hata programu ya gharama kuliko zote haikusaidii, kwa sababu itasambaza makosa yaleyale kwa kasi zaidi.

Chagua mahali pamoja ambapo idadi ya kweli itakaa. Tupaite daftari kuu. Kwako linaweza kuwa ndani ya programu au ndani ya tovuti, kutegemea programu yako ilivyotengenezwa. Nyingine huwa daftari kuu zenyewe, nyingine huchukua idadi kutoka kwenye tovuti na kuipeleka masokoni, basi. Ingia kwenye mipangilio uangalie idadi inatoka wapi kwenda wapi. Usiendelee na lolote mpaka umepata jibu la hilo. Ukishalijua, kila sehemu nyingine inabaki na nakala, na nakala hairekebishwi kwa mkono hata ukiliona kosa kwa macho yako.

Ndiyo maana idadi ya zamani ilikuwa ikijirudisha. Ulirekebisha sokoni, daftari kuu likabaki na namba mbovu, zikapita dakika 15, programu ikaiandika namba ile tena. Haijaharibika, ilikuwa inakutii. Soko likisema tano na stoo mna mbili, nenda kwenye daftari kuu uandike mbili, kisha usubiri ifike. Isipofika, hapo sasa una tatizo la muunganisho, na hilo ni tatizo lingine lenye dawa yake.

Kuhusu bidhaa zinazouzwa sokoni na tovuti isipungue, nina uhakika mkubwa kwamba programu haijui kuwa ni bidhaa moja. Haisomi picha wala jina. Inasoma namba ya bidhaa, ile wauzaji wanayoiita SKU. Kama tovuti imeandikwa namba moja na soko nyingine, au soko limeachwa wazi, kwa programu hivyo ni viatu viwili tofauti. Kila saizi na kila rangi ipewe namba yake, na namba hiyo iandikwe vilevile kila mahali, pamoja na kwenye boksi rafuni. Mfano VT12-NYS-38: aina ya kiatu, rangi nyeusi, saizi. Kama ni tarakimu tupu usiianze na sifuri, kwa sababu Excel huiondoa sifuri ya mwanzo pale seli isipopangwa kuwa maandishi, na ukipandisha faili hilo kwenye tovuti namba haitalingana tena. Ukiamua kutumia namba ya msimbopau (barcode) ya mtengenezaji, yenye tarakimu 13, Excel ina mchezo mwingine: namba ya tarakimu 12 au zaidi inaonyeshwa kwa ufupisho wenye herufi E katikati, na ukihifadhi hivyo faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) tarakimu zinapotea. Panga safu hiyo kuwa maandishi kabla hujaingiza chochote. Na namba ya bidhaa uliyoacha kuiuza usiipe bidhaa mpya, maana oda za zamani na marejesho bado yanaitumia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini, na halihusiani na programu kabisa. Unapouliza "zipo pea ngapi?" kuna majibu matatu, na wewe umekuwa ukiyachanganya. Kuna zilizopo rafuni. Kuna zilizokwisha kuwa za watu, ingawa bado hazijaondoka. Na kuna zinazouzika, yaani za kwanza ukitoa za pili. Tuseme rafuni zipo saba, mbili zimelipiwa zinasubiri kusafirishwa, moja imeahidiwa mteja wa WhatsApp. Zinazouzika ni nne. Nne ndiyo idadi pekee inayoruhusiwa kwenda sokoni na kwenye tovuti. Ukipita stoo ukahesabu saba ukaandika saba, umeuza upya pea tatu za watu, na umefanya hivyo ukiwa unahesabu kwa uaminifu kabisa. Shopify, programu ya kuendesha duka la mtandaoni, kwa mfano, huonyesha iliyopo, iliyoahidiwa na inayouzika katika safu tofauti kwa sababu hii. Kama programu yako ina safu hizo, zitumie. Kama haina, tenga rafu ya oda zilizolipiwa, bidhaa ihame pale oda inapoingia, na rafu hiyo usiihesabu kamwe.

"Niwekee" ya mdogo wako ni ahadi halali. Simlaumu, ndivyo biashara ya simu inavyoenda, na wateja wengi wazuri hununua hivyo. Kasoro ni kwamba ahadi ile haikuandikwa mahali ambapo soko lingeiona. Tangu leo neno "sawa, nimekuwekea" lisitumwe kabla pea haijapunguzwa kwenye daftari kuu. Mdogo wako awe na programu ile kwenye simu yake, na akaunti yake mwenyewe, si ya kuazima kwako, ili baadaye ijulikane nani alibadilisha nini. Afungue oda kwa jina la mteja, aiache bila malipo, ndipo ajibu meseji. Kuna hatua moja iliyo nzuri zaidi kama wateja wako wataikubali: amtumie mteja kiungo cha kulipia kwenye tovuti. Hapo WhatsApp inabaki kuwa mahali pa kuzungumza na kubembelezana bei, lakini mauzo yote yanapita mlango unaohesabu.

Ahadi iwe na mwisho. WooCommerce, programu nyingine ya duka la kwenye tovuti, ina mpangilio wa kushikilia bidhaa kwa oda isiyolipwa, na ukiuacha ulivyo ni dakika 60. Zikiisha oda inaghairiwa na bidhaa inarudi kuuzwa. Kwa mteja wa simu saa moja ni kidogo, lakini saa isiyojulikana ni mbaya zaidi. Amueni muda mmoja kwa wote, mteja aambiwe papo hapo: "nimekuwekea hadi saa kumi na mbili jioni". Ikifika, pea inarudi. Mteja anayetaka kweli atalipa, na asiyelipa hawezi kusema alidhulumiwa.

Hata ukifanya yote haya, bado kuna zile dakika 15. Katika muda huo watu wawili sehemu mbili wanaweza kununua pea moja, na programu itagundua wakati wote wameshalipa. Zipo programu zinazopokea taarifa ya mauzo papo hapo badala ya kuzunguka kila baada ya muda, na ni bora, ila taarifa hizo nazo huchelewa, hufika mara mbili, au hazifiki. Kwa hiyo weka akiba: masoko yaone pungufu ya ulichonacho. Akiba hiyo usiikisie kwa woga. Chukua saa yako yenye mauzo mengi kuliko zote uangalie kiatu fulani huuzwa pea ngapi katika dakika 15 za saa hiyo. Kikiuzwa mbili, ficha mbili. Kisichouzwa hata kimoja kwa siku, ficha moja. Mkoba ulionao kwa mamia hauhitaji akiba yoyote.

Maana yake ni kwamba pea ya mwisho haitaonekana sokoni. Iache kwenye tovuti yako peke yake. Sehemu moja ikiwa peke yake na pea, haiwezi kugongana na nyingine; na hata pakitokea kosa, ni mteja unayeweza kumpigia simu, hakuna anayekuandikia alama mbaya. Masoko makubwa yanahesabu jambo hili kwa ukali. Amazon inamtaka muuzaji anayesafirisha mwenyewe awe na kiwango cha kughairi kilicho chini ya asilimia 2.5, na eBay huandika kasoro kila muuzaji anapoghairi kwa sababu bidhaa imeisha. Kwa muuzaji mdogo hesabu hiyo ni katili: ukiwa na oda 40, kughairi moja tu ni asilimia 2.5 kamili.

Na hapohapo nikuombe uache ile tabia ya kubakiza moja isiyokuwepo. Naelewa unalinda maoni ya wateja, ni mali uliyoihangaikia. Lakini ile "moja" ni oda ya kughairi inayosubiri mtu. Angalia mipangilio ya kila soko: mengi yanaruhusu tangazo libaki likiwa na sifuri. eBay ina chaguo la namna hiyo. Idadi ikifika sifuri tangazo linafichwa kwa wanaotafuta, halifutwi, na ukiingiza mzigo linarudi na historia yake.

Marejesho ni jambo fupi. Programu nyingi zina kisanduku cha kurudisha bidhaa stoo kinachotokea unapomrejeshea mteja pesa, na mara nyingi huwa kimeshawekwa alama. Ondoa alama hiyo. Pesa zinaweza kurudi leo, kiatu kirudi kwenye hesabu siku kitakapofika na wewe ukakishika mkononi.

Seti nazo zisiwe na idadi yao. Kiatu pea nne, mkoba miwili, seti zinazouzika ni mbili, na mkoba mmoja ukiuzwa peke yake seti zinabaki moja. Kama programu yako haiwezi kupiga hesabu hiyo yenyewe, ondoa seti masokoni uziuze kwenye tovuti tu.

Siku ya kuanza upya ichague vizuri. Chukua saa ambayo wateja ni wachache, funga mauzo kila mahali kwa kushusha idadi hadi sifuri au kusimamisha duka, tenga oda zote zilizolipiwa, kisha mhesabu stoo nzima wawili, mmoja anahesabu mwingine anaandika. Ingizeni hesabu kwenye daftari kuu. Kabla hujaruhusu programu iendelee, hakikisha haijapangwa kuanza kwa kuvuta idadi kutoka sokoni, maana itafuta kazi yote kwa pigo moja. Jaribu na bidhaa moja: inunue wewe mwenyewe kwenye tovuti yako, tazama kama masoko yote mawili yamepungua, ghairi, tazama kama yamepanda. Ikikubali, fungua bidhaa chache, na nyingine zifuate.

Baada ya hapo msingoje mwisho wa mwaka kuhesabu. Kila siku hesabuni bidhaa chache, zile zinazotoka sana zirudiwe mara kwa mara kuliko zinazolala. Tofauti ikionekana, isirekebishwe kimyakimya. Iandikwe na sababu yake. Sababu ndizo zitakazokufundisha. Ukikuta saizi 38 imezidi moja na 39 ya kiatu hichohicho imepungua moja, usimshuku mtu: kuna mteja aliyenunua 38 akafungiwa 39, na huenda atapiga simu kesho. Mara nyingi dawa yake ni kuandika saizi kwa herufi kubwa kwenye boksi na kuisoma tena kabla ya kufunga. Upungufu usio na mwenzake, unaojirudia kwenye bidhaa ileile, huo ndio wa kuufuatilia.

Kuhusu kumwomba mteja aghairi mwenyewe, hapana. Mwambie mdogo wako kwa upendo lakini kwa uthabiti. Mtu ameshalipa, amesubiri, halafu unamtaka aseme uongo ili akulinde wewe. Mengi ya masoko yanakataza, na mteja akipeleka meseji hiyo kwa wasimamizi utakuwa na kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Mwandikie mapema, siku hiyohiyo: pea uliyonunua ilikuwa imeshauzwa, kosa ni letu, pesa zako nimezirejesha sasa hivi, na ukipenda nina hii inayofanana nayo. Mpe mbadala mmoja au miwili, si picha ishirini. Wengine watakasirika, ni haki yao.

Mwenzako wa biashara anaweza kuwa sahihi siku moja, lakini si leo. Tumia programu uliyonayo kwa utaratibu huu kwanza. Ukifika wakati wa kutafuta nyingine, usivutiwe na wingi wa masoko inayounganisha. Uliza kama inahifadhi historia ya kila badiliko la idadi, nani na lini na kwa nini. Kama inakuruhusu kuweka akiba tofauti kwa kila soko. Na zaidi ya yote, inafanya nini muunganisho ukikatika. Neno la siri likibadilishwa au ruhusa ya soko ikiisha muda, programu nyingine hunyamaza, na wewe unaendelea kuuza idadi ya wiki iliyopita ukiamini mambo yako sawa. Inayokutumia taarifa mara moja ina thamani, hata kama haina mapambo.

Mume wako naye ana hoja, kwa sababu anakuona usiku ukirekebisha namba badala ya kulala. Mwonyeshe mauzo na faida ya kila soko baada ya kutoa ada zao. Soko linalouza kwa nadra na linalokuletea onyo si lazima libaki, ukilifunga hilo hujashindwa. Kama ungependa kuliweka lakini halikubali kuunganishwa, litengee viatu vyake kabisa: pea chache, kwenye boksi lao, zilizotolewa kwenye daftari kuu, na zikiisha unaamua upya kama zinastahili kuongezwa. Lakini kubaki na WhatsApp pekee hakutakuponya, kwa kuwa ile pea ya juzi iliahidiwa WhatsApp, na ahadi haikuandikwa popote. Anza na hapo, leo jioni, wewe na mdogo wako: pitieni meseji zote, orodhesheni kila kiatu alichomwahidi mtu, na mkitoe kwenye hesabu kabla hakijauzwa tena.